Mama Mkwe wa Kwenye Kitabu

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Nimezoea kusoma barua za wenzangu hapa huku nakunywa chai na kusema moyoni, huyu naye kajitakia. Leo zamu imenifikia mimi, tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina mume na binti mmoja wa darasa la pili, na kazi yangu ni ukaguzi katika kiwanda cha kushona mashati, yaani nasimama mezani kutwa nageuza shati ndani nje natafuta mshono ulioruka na kifungo kilicholegea, shati baada ya shati, na ikifika jioni miguu imevimba na macho yanaona mistari hata kwenye ukuta mweupe. Kila mwaka kiwanda hufungwa wiki mbili, kuanzia siku chache kabla ya Krismasi, ili mashine zifanyiwe matengenezo, na hizo wiki mbili, Shangazi, ni zangu. Sisafiri, sipaki nyumba rangi, siendi kumtembelea mtu ambaye hajaumwa. Nina boksi chini ya kitanda lenye vile vitabu vyembamba vya hadithi za Krismasi, vyenye utepe mwekundu kwenye jalada na mwanamke na mwanamume wanaotazamana kama watu waliosahau njia ya kwao, navinunua kimoja kimoja mwaka mzima kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na kituo cha basi, na sikigusi hata kimoja mpaka mashine zizimwe. Hapo ndipo najilaza kwenye kochi, naweka miguu juu ya mto, nafungua cha kwanza, na najua kabisa kitakavyoisha, kwamba kuna duka linalotaka kufungwa, kuna daktari mjane asiyecheka, kuna mbwa atakayepotea, na ikifika mkesha wa Krismasi watapatana wote pamoja na mbwa. Mume wangu huniuliza, "Sasa unasoma nini kama mwisho unaujua?" nami humjibu kwamba hata yeye anajua lifti itafika ghorofa ya tano na bado anaipanda. Yeye ni fundi wa lifti, na sikukuu ndizo siku watu wanakwama humo, kwa hiyo nyumbani huonekana kwa nadra na mimi nasoma kwa amani.

Sasa mwaka huu mama mkwe yupo kwetu. Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu, amenyooka kama rula, akikusalimu tu unahisi umechelewa mstarini. Mwezi wa kumi na moja alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye hospitali ya hapa mjini, na daktari akataka abaki karibu mpaka miwani yake mipya iwe tayari. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema tu kwamba kwa miaka tisa tumeishi mimi na yeye kama watu wawili kwenye foleni ya benki, heshima ipo, kusukumana hakuna, maneno pia hakuna. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuja kututembelea, akapitisha kidole juu ya friji mbele ya wageni, akakitazama, akakifuta kwa leso, na hakusema kitu. Angesema ningesahau.

Basi siku ya kwanza ya likizo nimelala na kitabu changu, yeye kakaa dirishani na miwani ya jua akisikiliza redio, mimi nikacheka peke yangu. Akauliza, "Unacheka nini?"

"Kitabu, mama. Cha Krismasi tu, cha kupumzisha akili."

"Akili hupumzika kwa kulala."

Nikafunua ukurasa. Siku ya pili umeme ukakatika, redio ikazima, akakaa nusu saa bila la kufanya, mtu aliyesoma gazeti kila siku ya maisha yake mpaka macho yalipomgomea, halafu akasema, "Hebu soma kwa sauti niusikie huo upuuzi." Nikasoma. Sura ya kwanza aliguna. Sura ya pili alisema huyo daktari hana adabu. Sura ya tatu umeme ukarudi, redio ikaanza kuongea, na mama mkwe akainuka akaizima.

Tangu hapo, Shangazi, kila siku baada ya chakula cha mchana anakuja sebuleni, anakohoa, anakaa na kuweka mikono mapajani kama anayengoja darasa litulie, na mimi nasoma. Kitabu kizima tulikimaliza kwa siku mbili, na mbwa alipopatikana nilimwona akijifuta chini ya miwani. Nilifurahi mno. Sijawahi kufurahi hivyo na mtu wa ukweni.

Balaa lilianza kwenye kitabu cha pili. Humo mna binti aliyerithi duka la kuoka mikate, mna daktari wa mifugo anayempenda, na mna mama yake daktari, na huyo mama, Shangazi, ni mwalimu mkuu mstaafu. Sikujua. Nilikuwa sijakisoma, nilikinunua kwa ajili ya jalada. Nafika sura ya pili huku nasoma kwa sauti, naona mama anaingia kwa mkwe mtarajiwa, anapitisha kidole juu ya kabati na kusema, "Kwetu hata panya wangekataa kukaa hapa." Ulimi ukaganda. Mama mkwe ananitazama, anangoja. Nikajikuta nimesoma, "Mama akaingia, akatazama huku na huku, akasema, nyumba yako inanukia vizuri, mwanangu."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. "Huyo ni mtu aliyelelewa," akasema.

Nilidhani nitaruka pale tu, kumbe yule mama yumo kila ukurasa. Akitukana, mimi nasoma anasifu. Akinuna, nasoma ameshikwa na mafua. Kitabuni anaiba barua ambayo binti amemwandikia daktari na kuifungia kwenye droo, na bila barua hiyo kupotea hadithi haiendi, ikabidi niseme imepeperushwa na upepo. Nimemtungia mpaka wimbo, Shangazi, anamwimbia mkwe wake alipoungua na tanuri. Siku ya Krismasi yenyewe tulisoma sura tatu, na mama mkwe akasema katika kitabu chote hicho mwenye akili ni huyo mama peke yake. Akamsimulia kwa simu rafiki yake, matroni mstaafu, na matroni anakitaka kitabu.

Juzi binti yangu alikuja akasimama nyuma ya kochi akichungulia. Anajifunza kusoma na hapitwi na neno, hata maandishi ya kwenye sabuni. Akasema, "Mama, hapo hapajaandikwa hivyo. Pameandikwa, akatabasamu kwa dharau."

Mama mkwe akauliza, "Mtoto anasema nini?"

"Anasema ana kiu," nikasema, na nikamletea maji, na mtoto akayanywa yote huku amenikazia macho.

Sasa miwani inakuwa tayari Jumatano. Mama mkwe amesema kitu cha kwanza atakachosoma kwa macho yake mwenyewe ni hicho kitabu, apate kumsoma yule mama polepole. Nimefikiria kukificha, nimefikiria kukitumbukiza kwenye ndoo, mume wangu amesema nimwambie kimeliwa na panya, kisha akaondoka kwenda kuwatoa watu waliokwama ghorofa ya saba. Miaka yote hii amekuwa akiniita "mke wa mwanangu," ila wiki hii ameniita "mwanangu." Akikisoma ataona kwamba nimemlinganisha na mtu mbaya, na zaidi ya hapo kwamba nimemdanganya mchana kweupe siku nne mfululizo. Naandika haya kwa simu ili yawahi ukurasa wa Jumamosi. Nifanye nini? Au niseme ukweli mwingine, labda kosa lilianzia pale mtu mzima alipojilaza kwenye kochi kusoma vitabu vya mbwa na daktari badala ya kufanya la maana.

Ni mimi,
Msomaji wa Kochini


SHANGAZI ANAJIBU

Msomaji wa Kochini, marahaba. Nimecheka kabla ya kufika mwisho, nisamehe.

Nianze na hilo ulilolitupa mkiani kana kwamba ni dogo. Mtu anayesimama miezi kumi na moja na nusu akikagua mashati ya watu asiowajua ana haki ya kulala chali wiki mbili na kusoma habari za mbwa. Hukumwacha mtoto bila kula, hukumwacha mgonjwa bila dawa. Umepumzika, na katika kupumzika kwako umempa mama wa watu, asiyeona vizuri, kitu cha kukingoja kila siku. Vitabu hivyo na mimi ninavyo, na vyangu haviko chini ya kitanda, viko mezani. Usinirudishie tena hilo swali.

Sasa njoo hapa karibu, maana sifa zimeisha.

Umedanganya, dada yangu. Ulianza kwa huruma, sawa, ulimi uliganda, ningekuwa wewe na wangu ungeganda. Lakini huruma ni ya sentensi moja. Ukishatunga wimbo, hapo hakuna tena huruma, hapo unampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Na umemdharau pia, ingawa hukukusudia. Mwanamke huyo ameongoza shule. Amekaa ofisini na wazazi wenye hasira, amewafukuza walimu walevi, amemzika mume kama sijakosea, maana humtaji. Unadhani ataangushwa na bibi wa kwenye karatasi?

Unachokiogopa si kitabu. Unaogopa kwamba akikisoma, yale ya juu ya friji yatalazimika kuzungumzwa, nawe umeyakalia miaka tisa. Umeandika mwenyewe kwamba angesema ungesahau. Yeye hakusema, wewe hukuuliza, na sasa mnashangaa foleni haisogei.

Halafu kuna mtoto. Hapo ndipo nimekasirika kweli. Mtoto amesoma kilichoandikwa, amesema kilichoandikwa, ukamnywesha maji. Unamlipia ada ajifunze kusoma, na siku aliyosoma sawasawa umemfundisha kwamba kusoma sawasawa kunaudhi wakubwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Jumatano. Wasomaji wangu wakubwa ni wastaafu, na huyo matroni, kama namjua matroni yeyote duniani, atakuwa amemaliza ukurasa huu kabla ya chai ya saa nne na ameshashika simu. Mwambie mama leo asubuhi, gazeti likiwa bado halijakunjuliwa na mtu mwingine. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume mume, mume abaki na lifti zake. Usianze mbali, usianze na hali ya hewa. Sema, "Mama, yule mama wa kwenye kitabu nilimbadilisha mimi," na umweleze kwa nini. Mpe kitabu mkononi, akisome miwani ikifika. Akisoma, usimchungulie usoni. Akinuna, mwache anune, ni haki yake, wala usimpikie vitu vya ziada kana kwamba unamhonga. Akikuuliza kama huyo mama ni yeye, mjibu ukweli kwa maneno machache, kisha nyamaza umsikilize.

Na kabla ya yote hayo, mwite binti yako, uchutame umtazame machoni, umwombe radhi. Hilo lisingoje hata chai.


(Barua hii ya pili ilinifikia siku nane baadaye. Naichapa kama ilivyo. Shangazi.)

Shangazi, shikamoo tena.

Gazeti nililipata saa mbili asubuhi nikalisoma nimesimama dukani. Nilirudi mbio nikamwomba binti radhi kwanza, kama ulivyosema. Akaniambia, "Na sikuwa na kiu." Nikamwambia najua. Akasema basi, akaenda kucheza.

Mama mkwe alikuwa sebuleni. Nilikuwa nimefika "Mama, kile kitabu" tu, simu yake ikalia, nikaona jina kwenye kioo, ni matroni. Nikamwomba aiache. Akaiacha, ikaita mpaka ikachoka. Nikamwambia yote, hata wimbo.

Aliizima simu, akaiweka mezani. Halafu akasema, "Kwa hiyo barua haikupeperushwa na upepo."

"Hapana, mama. Aliificha yeye kwenye droo."

"Nilishangaa. Ulisoma madirisha yamefungwa."

Akanyoosha mkono, nikampa kitabu, akakitia kwenye mkoba wake na kuingia chumbani. Zile siku nne mpaka Jumatano zilinichosha kuliko kiwanda. Tulisalimiana, tulikula, lakini baada ya chakula cha mchana hakuja sebuleni, na mimi nililala na kitabu kingine usoni, sielewi hata duka linalofungwa ni la nini. Sikumpikia kitu cha ziada. Jumatano mume wangu akampeleka kuchukua miwani, wakarudi, akaingia chumbani na mkoba, akafunga mlango.

Ijumaa asubuhi naosha vikombe, akaingia jikoni, akavuta stuli akakaa.

"Huyu mama ni mimi?" akauliza.

Nilitaka kuzunguka, nikakukumbuka. "Kidogo, mama. Wa mwaka wa kwanza."

"Kwa ajili ya kidole."

Sikujua kwamba anakumbuka. Nikasema, "Ndiyo, kwa ajili ya kidole."

Akavua miwani, akaishika mkononi. Akaniambia mwaka ule baba mkwe alikuwa na miezi minne tangu azikwe, na yeye alikuwa amestaafu miezi sita, akaamka siku moja akaona hakuna mtu duniani anayemngoja. Akapanda basi akaja kwa mwanawe kutafuta kazi ya kufanya. "Nikakuta nyumba imefagiwa," akasema, "nguo zimepigwa pasi, mwanangu kanenepa. Hapakuwa na mahali pa mimi kushika. Nikatafuta vumbi."

"Ulilipata, mama?"

"Kidogo. Nikafurahi. Halafu nikauona uso wako, nikaona aibu, na mimi sikuzoea kuona aibu, sikujua huwa inasemwaje. Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko, nikamkumbatia hivyo hivyo. Tulilia, siyo sana, kisha akajifuta kwa taulo la vyombo, akavaa miwani, akawa mwalimu tena. Akasema yule mama wa kitabuni amempenda, ana mambo, na anapotubu mwishoni anatubu kweli, kwa shida, kama watu wanavyotubu. Wa kwangu, akasema, alikuwa mwema mno, mtu wa namna hiyo anachosha, na matroni ameambiwa asubiri kitabu chenyewe, asitegemee masimulizi.

Leo ni Jumapili na kesho kiwanda kinafunguliwa. Baada ya chakula cha mchana akaja sebuleni, akakohoa, akachukua kitabu cha mwisho kwenye boksi. "Wewe umesoma likizo nzima," akasema. "Lala." Nikalala, miguu juu ya mto, binti kajikunja upande wa pili, na mama mkwe akasoma kwa ile sauti ya imla, nukta inasubiriwa, mkato unaheshimiwa. Sijui nilisinzia saa ngapi. Nilipofumbua macho mtoto ameshatoka kwenda nje, jua limehama kutoka dirishani mpaka kwenye mguu wa meza, na yeye amekaa vilevile, kitabu kimefunguliwa mapajani, hasomi.

"Umemaliza, mama?"

"Nimalizeje na wewe umelala?" akasema. "Nimekungoja. Binti yuko stesheni na mizigo yake, treni imepiga honi, na sioni daktari atawahi vipi."

Nikageuza mto upande wa baridi.

"Soma, mama," nikamwambia. "Tuone."